Mbolea ya Novemba Inanunuliwa Julai

Leo tuwaache kantangaze na ukungu wapumzike kidogo. Maswali yenu ya nyanya nimeyaona na nitayajibu. Nataka kusema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda: vijana wengi ninaowatembelea mashambani hawana upungufu wa hamasa. Hamasa wanayo, tena ya kumwaga. Kila wiki natumiwa video ya mtu aliyevaa suti amesimama kwenye shamba la parachichi ambalo wala si lake, anawaambia vijana waamke saa kumi alfajiri, wajinyime, wawe na nidhamu. Wanaisambaza kwenye magrupu, wanaiweka stetasi. Halafu mvua inanyesha na mbolea haipo.

Msimamo wangu ni huu. Mkulima anayetegemea ugumu wa moyo wake ili afikie malengo yake ameshachelewa. Lengo la msimu ujao linalindwa siku pesa inapoingia. Siku pesa inapohitajika huna cha kulinda tena, unabaki kukopa tu.

Chukua kalenda yetu ya huku Nyanda za Juu Kusini. Mahindi tunavuna Juni na Julai, wengine wanafika Agosti. Tunapanda Novemba, ikichelewa mvua Desemba. Hapo katikati kuna kama miezi mitano, na hiyo ndiyo miezi ya harusi, ya kumalizia nyumba, ya pikipiki mpya na ya ndugu kukumbuka namba yako ya simu. Sisemi mambo hayo ni ya kipuuzi. Msiba hauna ratiba na bati la nyumba ya mama ni deni halali. Ninachosema ni kwamba kila moja linakuja na sura yake, linakutazama usoni leo, wakati mfuko wa mbolea wa Novemba hauna mdomo wa kukuomba chochote mwezi Agosti.

Na hili halikuanza na sisi. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti watatu, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, walifuatilia wakulima wa mahindi kwa miaka kadhaa na kuchapisha matokeo yao mwaka 2011. (Hao wawili wa kwanza walikuja kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019 pamoja na mwenzao mwingine.) Wakulima waliokuwa wamepitia mashamba darasa waliulizwa kama wangetumia mbolea msimu unaofuata. Karibu wote, yaani kama 98 kati ya 100, walisema ndiyo. Msimu ulipofika, waliotumia kweli hawakufika hata 4 kati ya 10. Zingatia kwamba hawa walishaona kwa macho yao mahindi yaliyowekewa mbolea yanavyokuwa. Elimu walikuwa nayo na nia walikuwa nayo.

Basi watafiti wakajaribu kitu kidogo sana. Walimtuma mtu kwa mkulima mara tu baada ya mavuno, pesa ikiwa bado mkononi, akamwambia: nunua vocha ya mbolea sasa hivi kwa bei ya kawaida, mbolea tutakuletea nyumbani bure. Uamue leo. Punguzo lenyewe lilikuwa hilo la usafiri tu. Waliotumia mbolea wakaongezeka sana. Ofa hiyohiyo ilipoletwa baadaye, karibu na wakati wa kuweka mbolea, haikuwa na nguvu hiyo. Ili kupata matokeo yanayokaribiana wakati huo wa mwishoni ilibidi bei ya mbolea ikatwe nusu. Nusu nzima! Kuna jambo jingine kwenye utafiti ule ambalo mimi nalipenda zaidi: wakulima walipoulizwa mapema wachague wenyewe siku ya kutembelewa, karibu nusu yao walichagua mara tu baada ya mavuno, wakati ambapo kwa hesabu za kawaida hakuna haraka ya kununua mbolea. Walijijua. Walijua pesa ikilala nao wiki tatu haitaamka.

Sasa najua kuna wanaosema, "Afisa, hao ni wakulima wa kujikimu. Mimi nalima kibiashara, nina daftari la hesabu." Sawa. Lakini daftari linakuonyesha pesa ilikokwenda, haliizuii kwenda. Nina mkulima kwenye kata yangu, kijana makini kweli, ana ekari sita na mchanganuo mzuri kuliko ninaouona kwenye maandiko mengi ya miradi. Msimu uliopita mbolea ya kupandia aliipata kwa kukopa kwa mfanyabiashara, kwa makubaliano ya kulipa magunia wakati wa mavuno. Tulipokaa kupiga hesabu, ule mkopo ulimgharimu karibu mifuko miwili kwa kila mfuko aliochukua. Mpango ulikuwepo, umeandikwa vizuri kwa kalamu ya bluu. Ila pesa ya kuutekeleza ilikuwa kwenye simu, na pesa iliyo kwenye simu ni ya kila mtu.

Tena ukifika kwenye ukata, hata akili yenyewe inabanwa. Kuna utafiti uliotoka mwaka 2013 kwenye jarida la Science, ulifanyika kwa wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Mkulima yuleyule alipewa mitihani ya kufikiri kabla ya mavuno akiwa amefilisika, kisha akapewa tena baada ya mavuno akiwa amelipwa. Alifanya vizuri zaidi alipokuwa na pesa. Huko ratiba ya kuvuna inapangwa na viwanda na inatofautiana shamba hadi shamba, kwa hiyo huwezi kusema ni hali ya hewa tu. Maana yake kwako ni kwamba maamuzi yako ya Oktoba, ukiwa unadaiwa na jembe halijaingia shambani, hayatakuwa mazuri kama ya Julai. Ndiyo wakati kijana anauza mahindi yakiwa bado shambani, kwa bei ambayo Julai angemfukuza nayo dalali.

Watu wenye nidhamu tunaowasifia, mara nyingi hawapambani kama tunavyodhani. Mwaka 2012 ulitoka utafiti wa Ujerumani ambapo watu wazima 205 walipewa simu na kuulizwa mara kadhaa kwa siku, kwa wiki nzima, ni kitu gani wanakitamani muda huo na kama wanajizuia. Wale waliokuwa na uwezo mkubwa wa kujitawala ndio walioripoti kukutana na vishawishi vichache. Hawakuwa mashujaa wa kushindana na tamaa kutwa nzima. Maisha yao tu yalikuwa yamepangwa hivyo. Nikisoma vile namkumbuka mzee mmoja jirani wa ofisi yetu ambaye hana hotuba yoyote ya nidhamu. Yeye siku anapouza mahindi, anarudi na mbolea kwenye gari lilelile lililopeleka magunia. Basi. Akiombwa pesa Septemba anajibu kwa upole kabisa kwamba pesa iko stoo kwenye mifuko, na hasemi uongo.

Hapo mtanibishia jambo la maana: pesa ikilala kwenye mbolea miezi minne haizalishi. Ni kweli. Kama una biashara ya kweli ya kuzungusha mtaji kipindi hicho, una kumbukumbu za misimu miwili nyuma zinazoonyesha mtaji ulirudi kabla ya Novemba, zungusha, mimi sina neno. Lakini nimeuliza wengi na wenye kumbukumbu hizo ni wachache mno. Wengi wana biashara ya "nilikuwa nataka nifungue".

Kwa vitendo, fanya hesabu yako kwa magunia, usiifanye kwa shilingi. Kabla hujapiga simu kwa dalali, jua kwamba magunia, tuseme, manane ni ya mbolea na mawili ni ya mbegu, na hayo hayahesabiwi kwenye mapato yako. Kama mbolea ipo dukani Julai na bei inaeleweka, uza hayo manane ununue siku hiyohiyo. UREA inavuta unyevunyevu na kuganda, kwa hiyo panga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, mbali na mbegu na chakula, na usiache mfuko uliofunguliwa wazi. Mbegu usikimbilie kuinunua mapema hivyo. Pesa yake itenge, ununue karibu na msimu na uangalie tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kama mbolea ya ruzuku bado haijafika kwa wakala, usikae na pesa ukiisubiri. Wahi kwanza kuhakiki taarifa zako za usajili ofisi ya kijiji, maana kila mwaka kuna watu wanagundua Novemba kwamba namba ya simu waliyosajili walishaitupa. Pesa yenyewe ifunge kwenye akaunti ya muda maalumu inayoiva Oktoba, au uipeleke kwenye kikundi chenu chenye sanduku la funguo tatu, au uyaache yale magunia manane yakiwa mahindi ndani ya mifuko ya kinga njaa. Hii ya mwisho ina hatari ya bei kuyumba, sikudanganyi. Ila gunia lina sifa moja ambayo akaunti ya simu haina: huwezi kulituma kwa kubonyeza tarakimu nne ukiwa umekaa baa.

Mnaolima nyanya na hoho kwa umwagiliaji wa matone, pesa yenu nayo inaingia kwa matone, mchumo kwa mchumo, na kwa kweli ndiyo ngumu zaidi kuishika. Kwenu kiasi kidogo kwa kila mchumo kinafaa kuliko ahadi ya "nitatoa mwishoni". Mchumo wa mwisho huwa una bei mbovu na madeni ya vibarua.

Na malengo yasiyohusu pesa nayo yaandike kwa namna inayotekelezeka. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amefanya kazi kwa miaka mingi kuonyesha kwamba mtu aliyepanga lini, wapi na vipi ana nafasi kubwa ya kutimiza kuliko aliyesema tu anataka. "Nitakagua shamba mara kwa mara" ni maneno tu. "Jumatatu na Alhamisi saa 12 asubuhi, kabla sijafungua duka, natembea mistari mitano na kufunua majani ya chini" ni kazi. Ongeza na sehemu ya pili: nikikuta viwavijeshi kwenye kitovu cha mmea, nampigia afisa ugani siku hiyohiyo kabla sijanunua dawa yoyote. Umeshaamua ukiwa umetulia. Ukimkuta mdudu huna haja ya kuanza kufikiri upya huku muuza dawa anakushika mkono.

Wenye mahindi yanayokauka sasa hivi, wiki hii piteni duka la pembejeo mlilozoea muulize ana mifuko mingapi, anauza bei gani leo, na kama anakubali kupokea malipo ya awali kwa risiti. Nitumieni majibu kwenye namba ya ofisi pamoja na jina la kata. Ijumaa nitaziweka hapa zote mlinganishe kabla ya kwenda kuuza.