Muulize bibi shamba lilitoka kwa nani

Mzazi mwenzangu wa Bigwa, mwanao akikuuliza kiwanja mnachokaa kilikuwa cha nani, usiishie kwa aliyekuuzia. Mpeleke kwa bibi.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ule unaoitwa lukolo, na mashamba ya mlimani yalirithiwa kwa upande huohuo. Shuleni tunamwandikisha kwa jina la baba (sawa tu), ila ukoo wa mama haumo kwenye karatasi yoyote. Umo kichwani mwa bibi, pamoja na mipaka ya mashamba.

Muulize pia habari za matuta. Kuanzia 1950 serikali ya Mwingereza iliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ya sulubu, mavuno hayakulingana na jasho. Julai 1955 watu walikusanyika kupinga huko Matombo, kwenye barabara hii hii inayotoka Bigwa kwenda Kisaki. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Baadaye mpango ukaachwa.

Aliyekuwa na miaka 10 mwaka ule sasa ameshapita 80. Tusisubiri likizo ya Desemba.

Simu unayosomea hapa inarekodi sauti. Mpe mtoto aishike, aulize mwenyewe: bibi, ukoo wetu ni upi? Mama yako alilima wapi? Bibi akijibu kwa Kiluguru msimkatize, tafsiri mtafanya jioni.