Msafiri Maskini, Ajapokuwa Sultani

Wazee wetu waliposema kwamba msafiri maskini ajapokuwa sultani, hawakukusudia umaskini wa mfuko. Walikusudia kwamba mtu akishatoka kwao, hata awe na mali ya kiasi gani, hupungukiwa na kitu kimoja kisichobebeka mzigoni, nacho ni mahali. Kitanda hununuliwa, chakula hufungwa kikapuni, lakini kipande cha ardhi cha kulaza ubavu usiku mmoja ni lazima kitoke kwa wenye mji.

Kwa muda mrefu methali hii ilionekana kumhusu mwenda kwa miguu na baharia. Leo imepata ushahidi mpya, na ushahidi wenyewe una magurudumu. Tunazungumzia gari-nyumba, yaani gari kubwa ambalo ndani yake mna kitanda, jiko la gesi, jokofu, tangi la maji safi, tangi la maji yaliyokwisha tumika, na choo chenye sanduku linalochomolewa likamwagwe. Huko Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand watu wengi, hasa waliostaafu kazi, husafiri ndani ya magari haya kwa majuma na miezi. Mtu angedhani kwamba sultani huyu hana haja na mtu. La hasha! Likishuka jua, yeye na mkewe huulizana swali lile lile lililoulizwa na wenye ngamia: leo tutalala wapi?

Sababu yake ni nyepesi kuifahamu. Mchana gari ni gari, husimama dukani, likaondoka, wala hapana anayelijali. Lakini usiku, pazia zikishashushwa na taa kuzimwa, gari lile limegeuka nyumba, na nyumba huwa na majirani. Jirani naye ana maswali yake matatu: ni nani huyu, atakaa siku ngapi, na uchafu wake ataumwaga wapi? Maswali haya ni ya haki. Mji unaojifanya haukuyasikia hautayaepuka, bali utajibiwa asubuhi, na jibu huenda likawa na harufu mbaya.

Tutazame basi wenzetu waliotangulia kufikwa na jambo hili wamelitatua vipi, kwani kila mmoja amejaribu kwa njia yake.

Nchini Marekani mzigo mkubwa ulibebwa na wafanyabiashara. Maduka ya Walmart yana desturi ya miaka mingi ya kuwaachia wasafiri wa magari-nyumba walale katika viwanja vyao vya kuegeshea, madhali meneja wa duka ameridhia na sheria ya mji haikatazi. Mwenye duka si mjinga. Anajua kwamba aliyelala mlangoni pake ndiye atakayenunua mkate wa asubuhi. Lakini hisani ya mfanyabiashara haina mizizi ya haki. Miji kadhaa imepiga marufuku kulala garini, na msafiri hana budi kuuliza kila afikapo.

Wajerumani wao huruhusu dereva aliyechoka kulala usiku mmoja ndani ya gari lake mahali pa kuegesha palipo halali, ili arudishiwe nguvu za kuendesha. Ndipo hapo wakachora mstari: kulala ni mapumziko, lakini ukitoa meza na viti nje ukatandaza na jamvi, hapo umekwisha kupiga kambi, na kambi ina sheria nyingine. Nchini Ufaransa miji mingi, hata vijiji vidogo, imetenga viwanja maalumu kwa magari haya, penye bomba la maji na mahali pa kumwaga maji machafu na choo, kwa ada ndogo au bila ada. Kijiji kinachofanya hivyo hakikumpenda mgeni kupita kiasi. Kimepiga hesabu tu kwamba mgeni aliyepewa mahali pa kumwaga hatamwaga mtaroni.

Tuliyoyaona New Zealand ndiyo yenye mafunzo makubwa zaidi. Mwaka 1 uliokuwa na mashindano ya Kombe la Dunia la raga, yaani 2011, bunge la huko lilitunga sheria ya kulala nje kwa uhuru. Sheria hiyo ilizipa serikali za wilaya uwezo wa kukataza baadhi ya mahali na kuweka masharti, lakini ikazizuia kukataza wilaya nzima. Maana yake ni kwamba wenyeji waweza kumwambia mgeni, “Si hapa,” lakini hawawezi kumwambia, “Si popote.” Malalamiko ya uchafu katika fukwe yalipozidi, ikafuata sheria ya mwaka 2023 inayotaka gari litakaloitwa la kujitegemea liwe na choo kilichojengwa humo ndani, si kile cha kubebwa mkononi. Na sheria hiyo hiyo haikuwasahau wasio na makazi, ambao gari kwao si matembezi bali ndiyo paa la mwisho, ikawatenga na adhabu za watalii.

Msomaji akiyatia mizanini haya yote ataona kwamba nchi hizi, pamoja na tofauti zake, zimefika kwenye nguzo mbili. Ya kwanza ni haki ya mgeni kupata mahali. Ya pili ni adabu ya mgeni mahali hapo. Ikikosekana ya kwanza, wageni hujificha vichochoroni na ufukweni. Ikikosekana ya pili, wenyeji huchoka na kufunga milango. Wala si kweli kwamba nguzo hizi zilibuniwa na wenye magari.

Katika mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, na baada yake ni sadaka; na mgeni naye ameonywa asikae hata akamtia dhiki mwenyeji wake. Haki na adabu zimefungwa kamba moja. Mafunzo hayo hayakubaki midomoni, yalijengewa kuta. Zubeda, mkewe Khalifa Harun al-Rashid, anakumbukwa kwa visima, mabirika na vituo katika njia ya mahujaji kutoka Kufa hadi Makka. Huko Anatolia, ambayo leo ni Uturuki, masultani wa Kiseljuki walijenga sarai za misafara katika njia kuu. Mojawapo, Sultan Han karibu na Aksaray, ilijengwa mwaka 1229 na ingali imesimama, na katikati ya ua wake mna msikiti mdogo ulioinuliwa juu ya matao manne. Ibn Battuta naye alieleza kwamba katika njia ya jangwani baina ya Misri na Sham kila kituo kilikuwa na khan ya kulala wasafiri pamoja na wanyama wao, na nje yake maji na duka. Mtu akiondoa ngamia akaweka injini, amekipata kiwanja kile kile cha Ufaransa.

Huyo huyo Ibn Battuta alipita pwani yetu mwaka 1331, akalala Mombasa usiku mmoja kabla ya kwenda Kilwa. Alikuja na chombo, na chombo ni nini kama si gari-nyumba la baharini? Majahazi yaliyoletwa na kaskazi yalikuwa na jiko lake, maji yake na mahali pa kulala mabaharia, lakini hapana nahodha aliyethubutu kusema kwamba kwa sababu ana nyumba yake, hahitaji bandari. Alihitaji mahali pa kutia nanga, maji ya kujaza, soko, na ruhusa ya wenye mji.

Na mjini nako, nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na daka mbele ya mlango, na sabule kwa ajili ya mgeni wa kulala. Mgeni alikaribishwa kwa heshima pasipo kupita katikati ya wake za watu. Hiyo ndiyo hekima ya ujenzi wetu: mahali pa mgeni hapakutafutwa mgeni akishabisha hodi, palichorwa tangu msingi unachimbwa.

Sasa tuulize kwa unyofu: miji yetu ya pwani ya leo ina daka? Wasafiri wa magari-nyumba huja kwetu, baadhi yao wakiteremka bara lote kutoka Misri hadi Afrika ya Kusini. Wako wenye viwanja huko Tiwi na kwingineko wanaowapokea kwa ada, na hao wanastahili sifa. Lakini asiyewajua hao, akaingiliwa na giza, huegesha penye nafasi yoyote, akahofiwa na watu naye akiwahofu watu.

Hata hivyo watalii ni wachache, wala si wao tunaowalilia zaidi. Katika nchi hii wenye kulala ndani ya magari usiku hadi usiku ni madereva wa malori na mataniboi wao. Toka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Sheria ya trafiki hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Ni sheria njema, kwani usingizi umeua wengi katika barabara ile. Lakini sheria inayomwambia mtu asimame, ilhali hapana aliyemwonyesha pa kusimama, ni nusu ya sheria. Matokeo yake tunayaona: malori yamepangana kandokando ya barabara kutoka Mariakani kwenda mbele, watu wakilala juu ya usukani au chini ya trela, choo chao ni kichaka, maji yao ni ya kununua, na mafuta yao yakifyonzwa na wezi.

Maoni yetu ni kwamba kila serikali ya kaunti ya pwani ipitiwayo na barabara kuu itenge mahali pa kulala magari. Hatuombi jumba la fahari. Twaomba kiwanja kilichotandazwa, chenye taa, mlinzi, bomba la maji, vyoo na bafu, mahali pa kumwaga maji machafu, na chumba cha kuswalia. Kiwe nje ya mitaa ya watu, lakini si porini. Ada iwe ndogo, na idadi ya siku iandikwe mlangoni ili kiwanja kisigeuke kijiji. Mama lishe wa hapo karibu wapewe nafasi ya kuuza, maana msafiri aliyelala salama huamka na njaa.

Wako watakaosema kwamba jambo hili litawanyima wenye hoteli riziki. Lakini mwenye lori hakuwa mteja wa hoteli ya ufukweni, na mwenye gari-nyumba alikwisha kuja na kitanda chake. Wako pia watakaotaja usalama, nao wana haki. Bali ni lipi la salama zaidi: magari 40 yaliyoandikwa namba zake penye taa na mlinzi, au magari hayo hayo yaliyotawanyika gizani pasipo ajuaye ni ya nani?

Kwa wageni nao tuna neno. Mwenye kupewa daka asiligeuze jaa. Uchafu wake auchukue hadi panapomwagwa, muziki wake usivuke kioo cha gari, mavazi yake yaangalie mji aliomo, na siku zake zikiisha ashukuru na kuondoka. Sisi wenyewe tulisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na hatukusema hivyo kwa uchoyo, bali ili mgeni wa kesho naye apate nafasi.

Miji ya pwani ilitajirika kwa sababu ilijua kumpokea aliyekuja na nyumba yake majini. Aliyekuja na nyumba yake barabarani si mgeni wa aina nyingine. Bajeti za kaunti husomwa kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni yao kabla hazijapitishwa. Mwenye kukubaliana nasi na aende huko akaliseme.