HARAKA YA WAKUBWA NA UKIMYA WA MISIKITI

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Januari 2024 mtaala mpya ulianza kuingia katika shule zetu. Rasimu zake zilijadiliwa hadharani Mei 2023. Miezi minane baadaye mwalimu akatakiwa kuufundisha. Sherehe ya kuzindua sera yenyewe, yaani Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ikafanyika mwanzoni mwa 2025, mtaala ukiwa umekwishatimiza mwaka madarasani. Sera hiyo inaifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, inapunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na katika sekondari inaweka mikondo miwili: elimu ya jumla na elimu ya amali. Hili ni jambo linalogusa kila nyumba. Je, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Lindi mjini, ni mimbari ngapi zimelizungumza?

Haraka hii si ya kwanza

Novemba 1974, kwa Azimio la Musoma, lengo la kuwaandikisha shule watoto wote, lililokuwa limepangwa kufikiwa 1989, lilivutwa nyuma hadi 1977. Watoto waliandikishwa, na kheri hiyo hatuikanushi. Lakini vijana waliomaliza darasa la saba wakageuzwa walimu, wakijifunza kazi huku wakiifanya, na watoto wa watu ndio waliokuwa ubao wa kujifunzia.

Mwaka 2006 zikaja shule za kata, zilizohimizwa kwa nguvu na Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa. Wananchi wakachangishwa, kuta zikapanda. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha kwamba takriban watahiniwa 60 katika kila 100 walipata sifuri. Ikaundwa tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Kisha madaraja yakabadilishwa kuwa wastani wa alama, na 2016 yakarudishwa yale ya zamani. Iliyotengenezwa ni mizani. Mzigo ulibaki vile vile.

Itazameni pia kalenda. Sera ya 2014 ilizinduliwa Februari 2015, mwaka wa uchaguzi. Toleo lake jipya likazinduliwa 2025, mwaka wa uchaguzi. Hatudai kuyajua yaliyomo vifuani mwa watu. Hayo anayajua Allah peke yake. Tunalolijua ni kwamba jengo huzinduliwa kwa utepe na picha, ilhali mwalimu mwema huonekana matunda yake baada ya miaka kumi, na miaka kumi ni mirefu kuliko muhula wa mwanasiasa.

Kukimbilia kheri si pupa

Atasema msemaji: je, Qur'ani haikutuamrisha kuikimbilia kheri? Naam, imeamrisha, katika Suratu Aal-Imran. Lakini wanazuoni wametofautisha baina ya musaara'a na 'ajala. Ya kwanza ni kulifanya jambo bila kuchelewa pale wakati wake ulipowadia na sharti zake zilipotimia. Ya pili ni kulitaka jambo kabla ya wakati wake. Anayeswali mwanzo wa wakati anapata fadhila; anayeswali kabla ya wakati hana swala. Na Mtume (S.A.W.) alimsifu Ashajj wa kabila la Abdul-Qays kwa mambo mawili, upole na kutokuwa na pupa, kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim.

Mkondo wa amali ni wazo jema. Gesi ya Songosongo inasafirishwa kwenda Dar es Salaam tangu 2004. Jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko liliwekwa Septemba 2023. Mitambo hiyo yahitaji mafundi, na nani mwenye haki zaidi ya ufundi huo kuliko mtoto wa Kilwa? Lakini amali bila karakana ni jembe la karatasi. Mkondo huu ukikosa vifaa na wakufunzi, utakuwa mahali pa kuwaegesha watoto wa wavuvi na wakulima, huku watoto wa wenye uwezo wakisoma elimu ya jumla katika shule za kulipia. Hiyo ndiyo hatari inayotukabili.

Lawama yetu wenyewe

Tusiwalaumu watawala peke yao. Wazee wetu walikuwa na sababu ya kuiogopa shule: zama za ukoloni shule nyingi za kusini zilikuwa za misheni, na mzazi alichelea imani ya mwanawe. Lakini shule hizo zilitaifishwa kwa sheria ya 1969. Hofu ikaisha sababu yake, uzembe ukarithi nafasi yake.

Leo wako wanaousifu mtaala kwa kuwa chama chao kimeuleta, na wako wanaoulaani kwa sababu hiyo hiyo. Wote wawili hawajausoma. Mwaka 2015 majimbo yote mawili ya Kilwa yalichukuliwa na CUF, 2020 yakachukuliwa na CCM. Wabunge walibadilika, swali la nani anamfundisha mtoto wetu hesabu halikubadilika. Na fedha za ufuta na korosho zikiingia, tunazo za ngoma na shughuli za siku tatu, lakini mkutano wa wazazi shuleni tunawaachia kina mama wachache.

Nasi walimu wa madrasa tusijitakase. Mtoto akishindwa shule, husema baadhi yetu: "Bora aje chuoni." Kisha tunamkimbiza juzuu kwa juzuu ili afanyiwe khitma, hali hajui maana ya Suratul-Faatiha anayoisoma kila siku. Hiyo nayo ni pupa. Tutamkemeaje waziri kwa kosa tunalolifanya kwenye jamvi letu?

Basi la kufanya ni hili. Kila msikiti uchague watu wawili wahudhurie mikutano ya shule ya eneo lake, waulize mambo matatu: walimu wangapi wamefunzwa mtaala huu, vitabu vingapi vimefika, na karakana ya amali iko wapi. Majibu yasomwe mbele ya jamaa baada ya swala ya Ijumaa, bila matusi na bila bendera ya chama. Wasipojibiwa, waandike barua halmashauri, na mwezi ujao waulize tena. Shura si fadhila tunayoomba kwa mtawala. Ni sifa ya waumini katika sura iliyopewa jina hilo.

Watoto hawa ni amana, na Siku ya Kiyama hatutaulizwa nani alikata utepe. Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie elimu yenye manufaa na atukinge na pupa na uzembe. Amin.

Wabillahi tawfiiq.