SALUNI UNAULIZA UZOEFU, KWA MSHAURI WA NDOA UNAINGIA UMEFUMBA MACHO!

Klipu yenyewe haifiki hata dakika nne. Mchungaji mmoja mwenye jina kubwa Dar, yule ambaye wafuasi wake Instagram wanawazidi mastaa kibao wa Bongo Fleva, kasimama madhabahuni anafundisha kuhusu wanawake wasiotulia kwenye ndoa. Katikati ya mahubiri akachomekea stori. "Kuna binti mmoja, mnamwona kwenye tamthilia zenu kila jioni, alikuja ofisini kwangu analia..." Kanisa likacheka. Akaendelea: mimba iliyoharibika, mume aliyekopa hela bila kumwambia mkewe, kofi lililopigwa sebuleni mbele ya dada wa kazi. Jina hakulitaja. Alitaje la nini? Kufika saa mbili usiku wambea wa mjini walishapiga hesabu na jibu walikuwa nalo.

Jumanne muigizaji huyo akafunga akaunti yake. Watu wa karibu wanasema mumewe, mfanyabiashara wa Kariakoo, alioneshwa klipu na kijana wake wa dukani, wateja wakiwa wamejaa. Usiku ule dada alilala kwa mdogo wake Mbagala. Na mchungaji? Akaposti picha amepiga suti nyeupe, chini kaandika kwamba ukweli siku zote unauma. Vikopa vyekundu vikamiminika kama mvua ya masika.

Sasa hapo ndipo wadau walipogawanyika. Wapo wanaosema dada kayataka mwenyewe, mambo ya chumbani unayapeleka kwa watu ya nini? Wapo wanaosema mchungaji ana roho mbaya. Pande zote mbili zimebisha hodi mlango siyo. Kutafuta msaada si kosa, na yule baba huenda hana roho mbaya hata chembe. Tatizo lake ni jingine, na ni baya zaidi maana linawahusu wengi: kazi aliyokuwa anaifanya pale ofisini hajawahi kuisomea.

Kuhubiri ni kazi moja, kumsikiliza mtu aliyevunjika ni kazi nyingine kabisa. Mhubiri anaongea, watu wananyamaza. Mshauri ananyamaza, mtu anaongea. Mhubiri anahitaji mifano ya kuchangamsha ibada, na mshauri anabeba mifano ambayo haruhusiwi kuitoa popote. Ukimchukua mtu aliyezoea kazi ya kwanza ukamkabidhi ya pili bila kumfundisha, yatatokea yale yale ya kwenye klipu. Yeye anaona ni ushuhuda tu. Mwenzake ndo maisha yake yale.

Na si wachungaji peke yao. Mjini hapa kuna kungwi wa mitandaoni anayeuza viingilio vya darasa lake la WhatsApp, siku ya pili anaposti sauti za wateja "bila majina" ili apate wateja wapya. Kuna mtangazaji ambaye ndoa zake mbili zimevunjika, na kila Alhamisi anawaambia wenzake nani aachwe na nani avumiliwe. Kuna ustaadh wa YouTube anayetatua kesi ya miaka kumi ndani ya dakika sita. Kuachika si kosa, hata daktari huumwa. Kosa ni kudhani kwamba maumivu yako ndiyo chuo, na kwamba kila anayekuja mbele yako ana ugonjwa ule ule ulioumwa wewe.

Ajabu ni kwamba watu hawa hawa wa mjini ni wakali kwenye mambo mengine. Dada akitaka kusuka, anauliza mpaka kieleweke: huyu anavuta? Ana mkono mwepesi? Alimsuka nani? Kaka akipeleka gari gereji anataka fundi aliyesifiwa na watu watatu. Nywele zikiharibika zinaota. Gari likiharibika linauzwa spea. Ndoa na watoto waliomo ndani yake wanakabidhiwa kwa mtu mwenye wafuasi wengi, basi, hakuna swali!

Haya, mafunzo yenyewe yakoje? Wengi wakisikia "kusomea ushauri" wanadhani ni kukariri vitabu vya wazungu. Ukweli ni tofauti. Mwaka 1925, mchungaji Mmarekani Anton Boisen aliwachukua wanafunzi wa theolojia, akawapeleka kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts. Boisen mwenyewe alishawahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, kwa hiyo alijua inavyokuwa mtu wa dini anapokuja kitandani kwako na maneno matamu yasiyokugusa. Alitaka wachungaji wamsome binadamu aliye hai mbele yao, si vitabu tu. Yeye na wenzake wa mwanzo ndio waliozaa mafunzo yanayojulikana kwa herufi CPE, na Marekani kiwango kilichozoeleka kwa awamu moja ni saa 400, nyingi kati ya hizo zikiwa za kukaa na wagonjwa na familia zao. Huku kwetu hakuna haja ya kupanda ndege. Pale KCMC, Moshi, wachungaji wamefundishwa kwa njia hii miaka mingi.

Kinachofanyika humo ni hiki. Mwanafunzi anakwenda wodini, anazungumza na mgonjwa. Akirudi anaandika mazungumzo yale neno kwa neno jinsi anavyoyakumbuka, jina la mgonjwa akiwa amelificha. Kisha anayasoma mbele ya wenzake na msimamizi. Hapo ndo anaumbuliwa kwa upendo: "Hapa mama alianza kulia, wewe ukakimbilia kuomba. Uliogopa nini?" "Hapa baba alikutajia marehemu mtoto wake, ukabadilisha mada. Kwa nini?" Mtu anarudi wodini kesho yake akiwa amejijua kidogo zaidi. Baada ya miezi ya kuumbuliwa hivyo, anajifunza mambo matatu ambayo hakuna wingi wa wafuasi unaoweza kumfundisha.

La kwanza ni siri. Ulichoambiwa chumbani kinabaki chumbani, hata ukikificha jina, hata kama kingenogesha mahubiri. Kama kuna maisha ya mtu hatarini na lazima mwingine ajulishwe, mhusika anaelezwa mapema kwamba mpaka wa siri unaishia hapo.

La pili ni kujua pa kuishia. Aliyefundishwa anajua kwamba mtu anayetaja kujiua anahitaji hospitali leo hii, si kikao cha wiki ijayo. Anajua kwamba penye kipigo hauwaketishi mke na mume kiti kimoja ukamwambia mke aeleze, kwa sababu kila atakalolisema atalilipia wakifika nyumbani. Anamwona mke peke yake kwanza na kumuuliza swali jepesi: usiku wa leo utalala salama?

La tatu ni kujijua. Kama baba yako alikuwa anampiga mama yako, hilo litakaa nawe kwenye kiti wakati unamsikiliza mke wa mtu. Usipofundishwa kuliona, litaongea kwa mdomo wako.

Rudi sasa kwa muigizaji wetu. Kabla ya klipu kuna lililotokea ofisini, na ndilo watu wanalipita haraka. Inasemekana alipofika kwenye habari ya kofi, alijibiwa kwa upole kabisa: "Binti yangu, rudi nyumbani, nyamaza, mwombee mumeo. Mwanaume hapigi bila sababu." Naye akaitikia, "Sawa, baba," akarudi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionesha kwamba wanawake 4 katika kila 10 wa umri wa miaka 15 hadi 49 Tanzania walishawahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Kwa maneno mengine, mchungaji anayepokea wanawake kumi kwa wiki hawezi kusema kipigo ni jambo la nadra kwake. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilishasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, mila iseme inavyosema. Aliyefundishwa angejua hilo, angejua pia lilipo Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, na kwamba aliyejeruhiwa anahitaji PF3 na daktari. Maombi yangefuata, hakuna aliyeyakataza.

Mashabiki wa mtumishi wana majibu yao. La kwanza: wito hutoka kwa Mungu, hautoki chuoni. Sawa. Basi watazame hospitali za makanisa yao wenyewe. Bugando kule Mwanza ni ya Kanisa Katoliki, na wamo masista na madaktari wanaosali kila asubuhi. Je, kuna askofu aliyewahi kumkabidhi mtu kisu cha upasuaji kwa sababu usiku kaoteshwa? Mwenye wito wa udaktari anapelekwa shule, na hakuna anayesema shule imemdhalilisha Mungu. Iweje tumbo liogopwe, moyo uchezewe?

Jibu la pili ni tamu zaidi: "Mbona bibi zetu hawakusoma popote na ndoa zao zilidumu?" Ni nani aliyesema hawakusoma? Somo wa pwani hakuamka siku moja akajitangaza kungwi. Alikaa miaka chini ya kungwi mkubwa, akabeba ngoma, akatumwa, akakosolewa, akaangaliwa tabia kabla hajakabidhiwa mwari. Ya unyagoni hayatolewi nje, na aliyeyatoa alikosa heshima mtaani mpaka anakufa. Akiharibu, familia ilijua mlango wa kugonga. Ukiangalia vizuri, bibi zetu walikuwa na vyote vitatu: walijifunza kwa kusimamiwa, walitunza siri, na walikuwa na wa kuwauliza. Hata wao walikosea, wapo waliowaambia mabinti wavumilie visivyovumilika. Ila kungwi wa leo mwenye maiki kwenye kichen pati, anayetoa mafunzo huku anarekodiwa laivu, asijifiche nyuma ya khanga ya bibi. Bibi angemfukuza.

Jibu la tatu linakuja na picha: "Mtumishi ana cheti." Cheti cha semina ya siku mbili hotelini, chakula cha mchana na joho la kukodi. Siku mbili hazitoshi kujifunza hata kusuka twende kilioni. Cheti cha namna hiyo ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu kinampa mtu ujasiri bila kumpa woga. Na kwenye kazi hii, woga kidogo ndo unaookoa watu.

Wakenya walishaona mbali kwenye hili. Mwaka 2014 walitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, inayomtaka anayefanya kazi hiyo asajiliwe. Huku kwetu watu wanachukulia ushauri wa ndoa kama soga za kijiweni, wakati sheria yetu yenyewe haiuchukulii hivyo. Ile ile ya 1971 inataka shauri la talaka, ukiacha hali chache maalumu, lipite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya kufika mahakamani. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 na wasiozidi 5, na jumuiya za dini nazo zinaweza kuwa na mabaraza yao. Yaani kuna siku mwanamke anayekimbia kipigo ataketi mbele ya watu hao, na karatasi yao ndiyo itakayomfungulia mlango wa mahakama. Anastahili kukuta watu wanaojua kusikiliza.

Wachungaji wazuri wapo, na wengi hawana hata akaunti. Wapo waliosota wodini, wapo masheikh wanaosikiliza pande zote mbili kabla ya kufungua mdomo, wapo maafisa ustawi wa jamii wanaopokea familia tano kwa siku ofisi haina hata feni. Hao ndo wanaoumizwa zaidi na klipu kama hizi, maana kila siri inayomwagwa inafunga midomo ya watu mia ambao walikuwa wanajiandaa kuomba msaada.

Kwa hiyo kabla ya kukaa kwenye kile kiti, anayetafuta mshauri aulize kama anavyouliza saluni. Ulisomea wapi, kwa muda gani? Nani anakusimamia? Nitakayoyasema yatafika wapi? Likitokea lililo juu ya uwezo wako utanipeleka kwa nani? Mwenye kuijua kazi atajibu bila kununa. Atakayekasirika na kuuliza "unamjaribu mtumishi?" ameshajibu yote manne kwa mpigo.

Na makanisa na misikiti yenye pesa za skrini kubwa na spika za kutikisa mtaa mzima, yawalipie ada japo watu wawili kwa mwaka, mmoja mwanamke. Spika moja pungufu haimuui muumini.

Mpaka sasa akaunti ya muigizaji imefungwa. Klipu bado ipo, na watazamaji wanaongezeka. Mtumishi ametangaza semina ya ndoa mwisho wa mwezi, viti vya mbele vina bei yake.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe ungemuuliza nini mshauri wako kabla ya kufungua mdomo? Dondosha maoni hapo chini. Majina tu msitaje, yameshatosha.