Barua ya wazi: Fildi ya mwanafunzi ivuke mpaka
Kwa Katibu Mtendaji,
Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki,
Kampala.

Mheshimiwa,

Wanafunzi wetu wengi wa maendeleo ya jamii na sosholojia wanatamani kufanya kazi na vijana katika mashirika ya kimataifa, na wanajiandaa kwa kukusanya vyeti vya semina na kuomba nafasi za mafunzo New York au Geneva, ambako Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa haiwalipi. Nauli na pango ni juu yao. Nasema maandalizi yenye maana yako karibu zaidi: fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ifanyike nchi jirani, na alama zake zihesabiwe kwenye shahada.

Chukua swali la kwanza kabisa la kazi hii: kijana ni nani? Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unasema miaka 15 hadi 35. Umoja wa Mataifa, katika takwimu zake, unaishia 24. Katiba ya Kenya inaanzia 18. Basi binti wa miaka 16 ni kijana kwa mujibu wa sera ya Tanzania akiwa Namanga, akivuka tu mpaka kuingia Kenya anahesabiwa mtoto. Hayo yanafundishika darasani, sikatai, ila darasani hakuna anayelazimika kuamua. Anayefanya fildi na kikundi cha kuweka na kukopa atalazimika: binti huyo aruhusiwe kukopa? Akabidhiwe mojawapo ya funguo tatu za sanduku la fedha? Akishindwa kurejesha, mzazi adaiwe? Mwajiri anayedai uzoefu anamtafuta mtu aliyekwisha kusumbuka na maswali ya namna hii.

Yupo atakayeuliza kwa nini mwanafunzi wa Tanzania avuke mpaka wakati Kigoma kuna kambi ya Nyarugusu, iliyopokea Wakongo tangu 1996. Akae huko, atajifunza mengi. Lakini pale yeye ndiye mwenyeji, na sheria ni za kwao. Kazi ya kimataifa humtaka mtu awe mgeni, aombe kibali, akosolewe. Kiswahili kitamsaidia Mombasa na Bujumbura mjini. Vijijini Burundi atahitaji mkalimani, na hilo nalo ni somo. Gharama ni pingamizi zito zaidi. Hata hivyo, Bodi ya Mikopo ya Tanzania tayari inakopesha fedha za mafunzo kwa vitendo, na basi la Nairobi si ndege ya Ulaya. Kinachobaki ni malazi, na kwa hayo vyuo vinaweza kubadilishana vitanda vya bweni.

Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu Mei 2017. Kwa msingi huo, naomba Baraza liandae fomu moja ya tathmini ya fildi, ijazwe na msimamizi wa nchi mwenyeji na ikubaliwe na chuo cha nyumbani bila mwanafunzi kurudia fildi. Vyuo vya Arusha na Nairobi vinaweza kuanza mwaka ujao wa masomo.

Wako katika ujenzi wa Jumuiya.