Kuvuta tela si nguvu ya injini

Nina dukuduku ambalo nimekaa nalo tangu sikukuu za mwisho wa mwaka uliopita. Mimi ni dereva mstaafu, mkazi wa Arusha, na umri wangu ni miaka 76. Nilianza kazi ya kuhudumia kambi za watalii mwaka 1968 nikiwa utingo, kisha nikawa dereva, na miaka yote hiyo nyuma ya gari langu kulikuwa na tela.

Siku hiyo nilikuwa safarini kwenda Tanga kumwona binti yangu. Basi letu liliposimama Segera, nilimwona kijana mmoja ameingia kituo cha mafuta na gari lake la kifamilia, anavuta tela lililochomelewa mtaani. Ndani yake kulikuwa na mahema, viti vya kukunja, jiko la gesi na mapipa mawili ya maji. Kwa kweli nilifurahi. Zamani mtu akiona hema na tela alijua hapo pana Mzungu, na sisi Waafrika tulikuwapo kwa ajili ya kupika na kuchimba choo. Leo Mtanzania anachukua mke na watoto wake anakwenda kulala porini kwa raha zake, na si kwa mshahara.

Furaha hiyo haikudumu. Nilipokaribia niliona watoto wawili wamekaa juu ya mizigo, ndani ya tela lenyewe. Nikainama kuangalia pale tela linaposhikana na gari. Mnyororo wa usalama haukuwapo. Mahali pake palifungwa kamba ya katani.

Kijana alikuwa na adabu, akaniamkia. Nikamwuliza, "Mwanangu, tela hili lina breki?"

Akacheka. "Mzee wangu, usiwe na wasiwasi. Gari hili lina nguvu, hata halijui kama linavuta kitu."

Ndugu Mhariri, maneno hayo nimewahi kuyasema mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Aliyenifundisha tela alikuwa mzee mmoja wa Kipare, askari wa zamani wa KAR aliyeendesha malori ya jeshi huko Burma mwaka 1944. Yeye hakunipa usukani kwa miezi mingi. Alinifundisha kwanza kupakia. Alisema mizigo mizito ikae chini, juu ya ekseli na mbele yake kidogo, hata pua ya tela ilale juu ya gari kwa uzito wa sehemu moja ya kumi ya tela zima. Mizani hatukuwa nayo. Kipimo chake kilikuwa mikono: mtu mmoja akiinua pua ya tela bila taabu, mizigo imekaa nyuma mno, pakua; watu wawili wakishindwa kuiinua, imezidi mbele, pakua pia. Tulipakua sana. Mara nyingine jua lilichomoza tukiwa bado tunabishana kuhusu pipa la maji.

Halafu alinifundisha kurudi nyuma, jambo ambalo limewaaibisha madereva wengi mbele ya wageni wao. Ukitaka mkia wa tela uende kulia, usukani uanze kushoto, na uufuate taratibu kabla tela halijajikunja. Nilijifunza katika uwanja wa vumbi kati ya madebe mawili, na kila debe nililolikanyaga nililinyosha mwenyewe kwa nyundo.

Vijana wa leo huenda wasijue kambi za siku zile zilikuwaje. Mahema yalikuwa ya turubai nzito, na yakilowa mvua watu wanne waliyabeba kwa kuguna. Taa ilikuwa karabai. Pale ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, baridi ilitufanya tulale na makoti, na asubuhi mikono haikushika spana. Barabara ya kutoka Makuyuni kupanda Mto wa Mbu hadi Karatu ilikuwa ya vumbi, ina mawimbi madogo madogo kama ubao wa kufulia nguo, na mawimbi hayo yalifungua kila nati ambayo haikukazwa. Kila tuliposimama, kazi ya kwanza ya utingo ilikuwa kuzunguka tela akigusa vitovu vya magurudumu kwa kiganja. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, beringi inakufa. Chai ilingoja.

Wageni wengine walikuja na vyombo vyao. Wajerumani wengi walikuwa na Kombi zenye kitanda na jiko ndani, na hao hawakutusumbua, kwani Kombi haina mkia. Waliotusumbua ni waliovuta karavani, zile nyumba za magurudumu. Nakumbuka mume na mke, Waingereza, karavani yao ya mbao nyembamba ilizama katika udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua. Tulipoivuta, mbele ilikuja na nyuma ikabaki. Yule mama hakulia. Alitoa vikombe kabatini, vyote vizima, akatuandalia chai pale pale matopeni.

Mzee wangu wa Kipare alipenda kutusimulia habari za msafara wa Wamarekani uliovuta karavani kutoka Cape Town hadi Cairo. Habari hizo ni za kweli. Kiongozi wao alikuwa Wally Byam, mwenye kiwanda cha Airstream, ambaye mwaka 1959 alianza safari na karavani 41 za alumini zinazong'aa kama sufuria mpya. Walipita Kongo, Uganda, Kenya na Uhabeshi, wakafika Misri mwaka 1960. Mzee alisema watu walishangaa mng'ao wa karavani zile, lakini yeye alishangaa kitu kingine: namna Wamarekani walivyokuwa wakilala chini ya ekseli zao kila jioni, wanatengeneza. Akatuambia, mnaona, hata tajiri mwenye nyumba ya alumini anaingia mchangani.

Msomaji anayedhani mambo haya ni ya Wazungu tangu mwanzo akumbuke kwamba neno lenyewe karavani limetoka kwa Waajemi na maana yake ni msafara, na misafara tulikuwa nayo. Wanyamwezi walikwenda pwani na mizigo na kupiga kambi njiani kabla Uingereza haijajua kulala ndani ya gari kwa starehe. Wao starehe hiyo waliianza mwaka 1885, pale daktari mmoja, Gordon Stables, alipojengewa gari la kukokotwa na farasi ili azunguke nalo akipumzika. Kwa hiyo simlaumu kijana wa Segera kwa kupenda kambi. Namlaumu kwa kamba ya katani.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika mahali popote.

Mwaka 1974 mzee wangu alikuwa amekwisha kustaafu na mimi nilikuwa dereva kamili, kijana mwenye maringo. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda sana baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973, na kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi, ambayo siitaji, iliamua kwamba mizigo iliyokuwa ikihamishwa kwa safari mbili ihamishwe kwa safari moja. Tulivunja kambi kwa haraka. Mapipa ya maji tuliyapakia mwisho, kwa hiyo yalikaa nyuma kabisa. Utingo wangu, kijana wa miaka 19, aliniambia, "Kaka, pua ya tela ni nyepesi leo." Alikuwa ameiinua kwa mkono mmoja. Nikamjibu kwamba Landrova ina nguvu, haitajua kama inavuta kitu.

Yeye akapanda juu ya mizigo, kama utingo wote walivyofanya wakati ule, na kama nilivyofanya mimi miaka minne.

Tulipoanza kuteremka kutoka upande wa Karatu kuelekea Mto wa Mbu, nilikuwa gia ya tatu. Nilipaswa kuwa ya pili tangu juu. Tela halikuwa na breki zake, na uzito wote ukaanza kunisukuma. Breki zikapata moto, nikasikia harufu yake. Kwenye kona moja mkia wa tela ukaanza kucheza, kulia, kushoto, kila mchezo mkubwa kuliko uliotangulia. Hapo nilifanya lile ambalo mtu yeyote asiyefundishwa angelifanya, na mimi nilikuwa nimefundishwa. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likashika, tela halikushika. Pini ikakatika. Mnyororo ulikuwapo kambini, ndani ya sanduku la vifaa, kwa sababu tulikuwa na haraka.

Mimi nilisimama salama na gari langu. Tela lilikwenda bondeni na kijana wangu.

Kampuni iliandika kwamba ni kosa la dereva, nami sikupinga, ingawa amri ya safari moja haikuwa yangu. Mama yake nilimpelekea sanduku lake la bati mimi mwenyewe. Aliniuliza swali moja tu, kama mwanawe alikuwa ameshiba siku hiyo. Nikamwambia ndiyo, alikula uji na mihogo. Lilikuwa jibu la kweli.

Niliendelea na kazi kwa sababu sikuwa na nyingine. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa Februari 1977, magari ya watalii kutoka Nairobi yakakoma, kambi zikapungua, nami nikahamia malori ya mazao. Ulipofunguliwa mwaka 1983 nilirudi porini. Katika miaka hiyo yote sikumruhusu mtu kupanda juu ya tela, na utingo kadhaa walinichukia kwa hilo kwa kuwa niliwabana mbele pamoja na mimi na vikapu vya mayai.

Baadhi ya wenzangu wazee wanasema heri raia wakatazwe kabisa kuvuta tela. Siafikiani nao. Hata zile siku za shida ya mafuta, magari binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, watu walitafuta njia ya kutembea. Atakayekatazwa kuvuta mchana atavuta usiku, bila taa. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho. Askari wa usalama barabarani anaposimamisha gari lenye tela, baada ya kutazama karatasi ainame, aangalie pini na mnyororo. Ni kazi ya dakika moja. Akikuta mtu amekaa ndani ya tela, amshushe papo hapo, awe mtoto au mkubwa. Shule za udereva nazo zinamtoa kijana na cheti huku hajawahi kurudi nyuma na tela hata mara moja, wala hajui kwamba mkia ukianza kucheza dawa yake ni kuachia mafuta taratibu, kushika usukani wima na kuacha breki mpaka mwendo upungue. Na mafundi wetu wa kuchomelea, ambao ni hodari kweli, wajue kwamba mteja hatauliza breki kwa sababu hazijui. Wao ndio wamwambie.

Kuna jambo moja linanitia hofu kuliko ubovu wa matela. Ni uzuri wa barabara. Siku hizi mteremko ule wa Mto wa Mbu ni lami tupu, na mtu akitoka Dar es Salaam kwenda Iringa anapanda na kuteremka Kitonga juu ya lami. Zamani vumbi na mashimo yalitupunguza mwendo hata tusipotaka. Aliyepakia vibaya aligundua kosa lake akiwa na kilomita 30 kwa saa. Leo mizigo ile ile iliyokaa nyuma inatulia kabisa mpaka gari lifike 80 au 90, halafu inaamka mara moja, na hapo gari lenye injini kubwa halina msaada wowote, kwani injini ni ya kwenda. Nguvu ya kusimamisha tela inatoka kwenye breki za tela lenyewe, na katika gia ndogo aliyoiweka dereva kabla mteremko haujaanza.

Kijana wa Segera aliwashusha watoto wake akawaingiza garini, nadhani kwa kunionea haya tu. Kamba aliiacha. Basi langu likapiga honi, nikaondoka bila kumwuliza jina wala anakokwenda. Kama unasoma barua hii, mwanangu, mnyororo na pini madhubuti vinapatikana kwenye maduka ya vipuri. Yale mapipa mawili yasogeze mbele, kisha mwambie mkeo ainue pua ya tela kwa mkono mmoja. Ikiinuka, usiondoke.

Dereva Mstaafu,
Arusha.