Malipo Bila Maungamo



Katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa ya Kanada, kipo kijiji cha Grise Fiord. Wainuiti, wenyeji wake, hukiita Aujuittuq, yaani mahali pasipoyeyuka barafu. Sensa ya mwaka 2021 iliwahesabu watu 144 tu. Kuanzia Novemba hadi mapema Februari, jua halichomozi.

Wazee wao hawakupachagua mahali hapo. Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilizihamisha familia kutoka Inukjuak, Quebec, na kuzipeleka umbali wa kama kilomita 2,000, Ellesmere na Cornwallis. Nyingine zilifuata mwaka 1955. Waliahidiwa wanyama tele wa kuwinda, na kwamba asiyeridhika angerudishwa baada ya miaka miwili. Walipofika, majira ya baridi ya kwanza waliyapitisha katika mahema. Nayo ahadi ya kurudishwa haikutimizwa kwa zaidi ya miaka thelathini.

Serikali ilisema iliwatakia mema. Lakini walioombwa ridhaa waliombwa na polisi, ambao kwao haikuwa rahisi kuwakatalia. Je, hiyo ni hiari? Wengi huamini pia kwamba serikali ilitaka watu huko ili kuthibitisha kuwa visiwa vile ni mali ya Kanada. Mtu akitumiwa kama bendera, utu wake umevunjwa.

Mwaka 1996 ilitolewa fidia ya dola milioni 10, lakini bila kuomba radhi. Neno la radhi lilitamkwa mwaka 2010, wakati wengi wa waliohamishwa walikwisha kufariki. Katekisimu inatufundisha kwamba kitubio kina majuto, maungamo na malipizi. Malipizi bila maungamo hununua kimya, hayaleti upatanisho.

Wala Kanisa lisijitoe katika hukumu hii. Julai 2022, mjini Iqaluit, Papa Fransisko aliwaomba Wainuiti msamaha kwa mabaya ya Wakatoliki katika shule za bweni walimopelekwa watoto wao.

Viongozi walei, nanyi mara nyingi huwaamulia wanyonge katika parokia: nani asaidiwe, nani ahame, nani angoje. Kabla ya kuamua, waulizeni wenyewe. Tena waulizeni kwa namna ambayo wanaweza kujibu hapana. Na mkikosa, ungameni mapema, wakati aliyekosewa yu hai kusikia.